Mchanga Kwenye Oveni ya Wifi

Keki iliungua. Hilo kila mtu pale Area D, Dodoma, analijua, na nasikia wanalisimulia mpaka leo huku wanacheka. Ninachotaka kuandika mimi ni nani aliyeiunguza. Majina sitayaandika, maana wenye majina wana watoto, na watoto hawana kosa. Lakini undugu wao kwangu nitautaja, na wenyewe wakisoma watajijua.

Mimi ni mtu wa Gulwe. Shule niliishia darasa la nne, kalamu naishika kama mwiko, mtanivumilia. Kazi yangu tangu ujana ni kuoka. Naoka keki, nazikata vipande, nawauzia abiria wa treni kituoni. Oveni sijawahi kuwa nayo. Nachukua sufuria kubwa, ndani namwaga mchanga wa mtoni, ule mweupe wa chenga unaobaki mto wetu ukikauka. Naibandika kwenye jiko la mkaa mpaka mchanga upate moto, juu ya mchanga naweka bati lenye unga niliokoroga, nafunika kwa sinia, na juu ya sinia napanga makaa. Moto wa chini unakuwa mdogo, wa kupumulia tu. Keki inaivishwa na moto wa juu. Likumbukeni hilo, ndilo lililokuja kuniponza.

Mume wangu alikufa kwa kifua kikuu. Matanga hayajaanuliwa, na mimi nikaanza kukohoa damu. Nilikuwa nimelala chumbani, watu wako uani, nikamsikia kwa masikio yangu shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, akiwaambia ndugu zake: "Na huyu mama naye masika haimalizi. Bora tujipange mapema."

Wakajipanga. Nikapelekwa wodini, na nikiwa huko godoro likaenda kwa huyu, baiskeli ya mume wangu ikaenda kwa yule, vyombo vyangu vya kuokea vikaenda Dodoma kwa wifi yangu, dada wa marehemu. Na mtoto wangu wa pekee, wa kike, alikuwa hata shule hajaanza, akaenda huko huko. Walipakiwa gari moja, mtoto na masufuria.

Halafu nikapona. Hilo ndilo kosa langu ambalo hawajanisamehe. Nilirudi kwenye nyumba isiyo na hata kijiko. Nilipopata nguvu nikaenda Dodoma kumfuata mwanangu, nikamkuta amejificha nyuma ya sketi ya wifi, ananiamkia shikamoo kama mgeni. Wifi ndiye anayemwita mama. Wifi ni shangazi yake huyo, jamani! Shangazi ni mtu mkubwa, sijamnyima mtu ushangazi wake. Lakini yeye alitaka na cheo changu juu.

"Ameshaanza shule," wifi akaniambia. "Unataka umrudishe Gulwe akauze keki kwenye madirisha ya treni?"

Shemeji akaongezea kwamba nikimpenda mtoto nitamwacha asome. Nikamwacha. Wanaoniuliza kwa nini nilikubali hawajawahi kurudi kutoka wodini miguu imebaki kama fito.

Akasoma kweli. Leo anafanya kazi Mtumba, wizarani, ana kadi shingoni na kiti cha kuzunguka. Likizo alikuwa anakuja Gulwe siku mbili, tatu, analala na simu mkononi, anarudi zake. Mimi ananiita "mama wa Gulwe". Wifi anamwita "mama", basi, bila ya kitu mbele wala nyuma.

Ilipofika zamu yake ya kuolewa, ikapangwa sendofu, ile sherehe ya upande wa binti ya kumuaga kabla ya harusi. Kwa msioijua, sendofu ina jambo moja ambalo watu wanalisubiri kuliko hata chakula. Bibi harusi anachukua keki, anampelekea mama yake, anamlisha kipande mbele ya ukumbi mzima, na mama analia, na watu wanapiga vigelegele na kupiga picha. Ni shukrani ya ziwa. Shangazi naye ana saa yake, ndiye anayemfunda na kumwingiza ukumbini. Kila mtu na sehemu yake.

Mwanangu akanipigia simu.

"Mama, shikamoo. Nina jambo. Kamati imepanga keki moja ya mama, na aliyeandikwa ni mama wa hapa."

"Na mimi?"

Nikasikia magari yanapita huko kwake.

"Nimeongea na MC," akasema. "Wewe njoo uoke ya kwako, ile ya mkaa, yenye zabibu. Ikiwepo mezani lazima watakuita. Keki mbili, mama wawili. Hawawezi kuiacha keki imekaa pale haina mwenyewe."

"Kwani ile keki unaikumbuka?"

"Mama, ndicho kitu pekee ninachokikumbuka cha Gulwe. Ladha yake. Vingine vyote nimesimuliwa."

Mwenzenu nilikaa chini. Miaka yote ile nilidhani mwanangu hana chochote changu, kumbe anacho mdomoni.

Basi nikafunga safari. Nilibeba unga, siagi, zabibu kavu za huku huku kwetu, mayai ya kienyeji niliyoyafunga kwenye unga yasivunjike, na kiroba kidogo cha mchanga wa mtoni. Mchanga wa kuokea si mchanga wowote. Ule wa kujengea una udongo, ukipata moto unatoa harufu ya mvua na keki inaivuta. Wa kwetu umeoshwa na mto mpaka hauna harufu ya kitu.

Nilifika siku moja kabla ya sherehe. Wifi alinipokea mlangoni.

"Karibu wifi, karibu. Hicho kiroba ni karanga?"

"Mchanga."

"Nini?"

"Mchanga wa kuokea."

Akageuka, akapaza sauti mpaka sebuleni. "Kaka! Njoo uone zawadi. Wifi katuletea mchanga kutoka Gulwe. Kaambiwa Dodoma mchanga umekwisha!"

Shemeji alikuwa kwenye kochi anaangalia mpira. "Labda kaja kujenga," akasema, wala hakugeuza shingo.

Wakacheka. Mimi pia nikacheka, mtu hufanyaje.

Jiko la wifi ni chumba kizima kimepigwa marumaru nyeupe, kuta mpaka juu, kama wodi. Nikamuuliza jiko la mkaa nitaliweka wapi.

"Mkaa? Wifi wangu, nyumba imepakwa rangi juzi, wakwe wanakuja kesho, wewe unataka kufukiza kama unafukuza nyuki? Si hiyo oveni! Ya umeme, kubwa, mtaa mzima huu hakuna mwenye kama hiyo."

"Inawashwaje?"

"Unazungusha tu." Akazungusha mkono hewani, hakugusa kitu.

Hapo ndipo nilipaswa kujua. Nilipofungua mlango wa ile oveni, ndani ilikuwa kabati. Vikaango, chujio, vifuniko vya plastiki, sinia za maua za wageni. Haijawahi kuwashwa hata siku moja. Wifi alininyima mkaa ninaoujua kwa ajili ya chombo ambacho yeye mwenyewe hakijui. Andikeni hapo: wa kwanza ni wifi.

Nikaanza kutoa vitu kimoja kimoja. Chini kabisa, nyuma, nikaikuta sufuria yangu.

Niliijua kabla sijaitoa. Imebonyea ubavuni, pale ilipoanguka kituoni siku treni ilipoondoka ghafla na mimi bado nadai hela yangu. Sinia lake lilikuwa juu yake, limeungua duara jeusi katikati kwa makaa yangu. Ndiyo niliyookea wakati mwanangu anatambaa, nikimzuia kwa mguu asisogelee moto.

"Hii ni yangu," nikasema.

Wifi akaitazama. "Hiyo? Nilidhani ya mama yangu. Nilishasahau hata kama ipo."

Hakusema chukua, hakusema acha. Nikaiweka pembeni.

Nikakoroga. Kukoroga sikukosea, nilikoroga kama siku zote, siagi na sukari mpaka vikawa vyeupe. Nikagawa kwenye mabati mawili, nikasema nitaanza na moja nione. Kisha nikachukua trei ya ile oveni, nikamwaga mchanga, nikausawazisha kwa kiganja. Ndipo wifi akaingia.

"Yesu wangu! Mchanga kwenye oveni yangu!"

"Bila mchanga itaungua chini."

"Wifi, toa. Toa, toa, toa! Hapa chakula kinaokwa bila udongo."

Nikautoa, nikaurudisha kirobani, nikafuta trei kwa kitambaa huku amesimama na mikono kiunoni ananihesabia chenga.

Oveni ilikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha. Kimoja kina namba. Kingine kina vipicha: kistari chini, kistari juu chenye meno kama msumeno, vistari viwili, na kitu kama ua la feni. Hakuna neno hata moja. Nikavitazama vile vipicha kwa muda mrefu. Namba sikuwa na shida nazo, shida ilikuwa ile picha. Halafu nikaona kile kistari cha juu chenye meno, nikafurahi sana. Nikasema kumbe waliotengeneza nao wanajua, moto wa keki ni wa juu. Nikakiweka pale. Ndani, kwenye dari la oveni, chuma kikawa chekundu vilevile kama makaa. Nikaona nimefika nyumbani.

Baadaye mwanangu aliniambia ile ni alama ya kuchomea nyama.

Harufu ya kwanza haikuwa ya keki. Kilikuwa kifuniko cha plastiki kilichobaki kimesimama nyuma, sikukiona. Kiliyeyuka, kikadondoka. Wifi akaja mbio, shemeji akaja mbio, madirisha yakafunguliwa. Nilipovuta bati, keki juu ilikuwa lami. Nikachoma kijiti katikati kikatoka na uji.

"Ndiyo hii iliyomfanya mtoto asilale kwa hamu?" shemeji akauliza.

"Muache, kaka," wifi akasema. "Kila mtu na vyombo alivyovizoea."

Bati la pili, shemeji alijifanya fundi. Akainama na miwani yake, akazungusha kitufe kwenye vistari viwili, akasema, "Kotekote. Hapo hakuna siri." Na kweli, nikichungulia kwenye kioo niliona keki inapanda. Ilipanda vizuri, ikapasuka katikati kidogo kama inavyotakiwa, harufu ya zabibu ikajaa nyumba nzima mpaka wifi mwenyewe akasogea, akasema, "Hee." Nilianza kuwaza nitavaa kiatu gani nikienda mbele.

Umeme ukakatika.

Kwenye mkaa hakuna kitu kama hicho. Mkaa ukipungua unaongeza. Mimi nilifanya ninalolifanya siku zote moto ukipungua, nikafunua nione. Hewa baridi ikaingia, na keki ikashuka mbele ya macho yangu, taratibu, ikabonyea katikati kama kaburi la siku nyingi. Umeme uliporudi ilikuwa imeshakufa. Shirika la umeme nalo ningelitaja, lakini hilo halinijui, halikunifanyia kusudi. Hawa wengine wananijua.

"Wifi, nakuomba," nikasema. "Mayai yapo, unga upo. Kule nyuma, karibu na tangi la maji. Mawe matatu tu na sufuria yangu. Hakuna mgeni atakayeona moshi."

"Kule nyuma ndiko wapishi watakakopanga masufuria yao."

"Wanakuja kesho hao. Mimi nataka saa hii tu."

Akavuta stuli, akakaa. Nikaona sasa anasema lile alilokuwa nalo tangu nifike.

"Wifi, ulipokuwa wodini huyu mtoto alikuwa akilia, mimi ndiye niliyembeba. Nimemwosha, nimemsuka, nimekaa naye akiumwa tetekuwanga, shuleni wakiita mzazi nimekwenda mimi. Halafu kesho usimame mbele za watu kwa ajili ya keki?"

"Si kwa ajili ya keki."

"Kwa ajili ya nini?"

Jibu nilikuwa nalo, fupi tu, kwamba nimemzaa. Lakini lilipofika mdomoni likaonekana dogo mbele ya yale yote aliyoyasema, na yote yalikuwa kweli. Sikatai kwamba alimlea. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyemwomba amlee mpaka anisahau.

Shemeji akamaliza maneno, kama alivyomaliza kwenye matanga. "Yaishe. Keki ya fundi imeshaagizwa, nyeupe, ya ghorofa. Tusiaibishane mbele ya wakwe." Huyo ni wa pili, na ni wa kwanza pia, mpangeni mtakavyo.

Mwanangu aliingia jioni kutoka kazini, na kadi yake shingoni bado. Alisikia harufu tangu mlangoni, akaja moja kwa moja jikoni, akaona yale mabati mawili. Hakucheka. Nataka iandikwe kwamba hakucheka.

"Pole mama," akasema.

"Kuna pembeni hapa," nikamwambia. "Pembeni imeiva. Onja pembeni."

Nilimkatia kipande kutoka kwenye ile iliyobonyea, ukingoni, mahali palipokuwa pameshika rangi. Nilichagua penye zabibu. Alikiweka mdomoni, akafumba macho. Nilimwangalia anavyotafuna, nikamwona anaitafuta. Anatafuna na anatafuta. Wifi na shemeji walikuwa mlangoni, nao wanamwangalia.

Akafumbua macho.

"Siyo ile," akasema. Akasema polepole, kama mtu anayeona aibu kwa niaba yangu. "Labda nilikuwa mdogo. Labda hata haikuwa hivyo nilivyokuwa nadhani."

"Ni moto," nikamwambia. "Moto ndio umekosewa, mwanangu, na mchanga. Keki ni ileile."

"Sawa mama. Usijali. Tutaona kesho."

Ofisini kwao wakisema tutaona, maana yake wameshaona. Nililijua hilo pale pale. Kile alichokuwa nacho changu mdomoni, nimekitoa mwenyewe kwa kipande cha keki mbichi. Nimewaambia nitataja waliokosa, nami nimewataja. Yeye sitamtaja.

Kesho yake ukumbini nilikaa meza ya nyuma, na kitambaa cha sare nilichoshonewa kikiwa kikubwa mabegani. Wifi alimwingiza mwali kwa ngoma, kama shangazi, na alipendeza, siwezi kusema uongo. Kisha ikaletwa keki ya ghorofa. Meza ilikuwa na hiyo moja tu.

"Mama!" MC akapaza sauti. "Mama aliyekilea chombo hiki, popote ulipo, hebu simama tukuone!"

Nikasimama. Sikupanga kusimama. Miguu yangu ilisikia "mama" ikanyanyuka yenyewe. Mbele kule wifi naye ameshasimama, muziki umeshafunguliwa, mwanangu anamwendea na kipande kwenye kijiti, na watu wote wamenyanyua simu. Nyuma yangu mwanamke nisiyemfahamu, wa upande wa bwana harusi nadhani, akanivuta nguo.

"Mama, kaa basi, unatuzibia. Tunataka kumpiga picha mama wa bibi harusi."

"Samahani," nikamwambia. Nikakaa.

Vigelegele vilipopigwa nami nilipiga. Sauti ilitoka. Huyo mwanamke naye hakujua, sina neno naye.

Asubuhi niliondoka watu wamelala. Nilimwaga mchanga wangu ndani ya sufuria yangu, nikafunika na sinia, nikaifunga kwa kanga. Sikuomba kwa mtu. Haijaulizwa mpaka leo, na haitaulizwa, kwa sababu kama alivyosema mwenyewe, alishasahau hata kama ipo.

Wiki ileile nilioka. Moto mdogo chini, mkubwa juu, mchanga umetulia. Ilitoka vizuri kuliko zote nilizowahi kuoka, juu ina rangi ya udongo wa kwetu, katikati imepasuka, zabibu zimebaki zimetawanyika hazikuzama. Simu ikalia nikiwa naifunua. Alikuwa yeye.

"Mama, ulifika salama? Uliondoka hata hukuaga."

"Nilifika."

"Unafanya nini?"

Niliiangalia ile keki inatoa mvuke.

"Nafanya kazi tu," nikamwambia.

Akasema atakuja kunitembelea na mume wake, mambo yakitulia. Nikamwambia karibuni.

Nikamtengea kipande, nikakifunga kwenye karatasi, nikakiweka juu ya kabati pasipofika nzi wala sisimizi. Kilichobaki nikakipanga kwenye ndoo. Treni mpya ya umeme haina faida kwetu, madirisha yake hayafunguki, inapita na watu wake wamejifungia na baridi yao. Nilisubiri ile ya zamani. Ilipofika nikanyanyua ndoo kichwani nikatembea ubavuni mwa mabehewa, na mama mmoja aliyekuwa na mtoto mapajani akanunua, akammegea. Mtoto akatafuna, akanyoosha mkono anataka tena.

Kile cha juu ya kabati kilikaa mpaka kikaota ukungu. Nikawapa kuku.